Nilivyowaeleza Wakwe Maana ya Majina Yao

Ukifika Beni, pale sokoni Beu, ukamuulizia Simeoni fundi viatu wa Butembo, hakuna atakayeinua hata kichwa, lakini uliza Papa Maana-Yake, utaona wamama wanaouza samaki wa chumvi wanashika mbavu kabla hujamaliza, na mmoja wao atakuonyesha kwa kidole duka la wakwe zetu, mahali ambapo jina hilo lilizaliwa. Papa Maana-Yake ni mimi. Aibu bado ninayo, sitawaficha, lakini ni afadhali niwasimulie mwenyewe, kwa sababu nimesikia watu wanaongeza mambo, eti nilipigwa (sikupigwa) na eti nilikuwa nimekunywa (ilikuwa fanta, na hata hiyo fanta sikuimaliza).

Lazima nianze na kaka yangu mkubwa Yonatani, maana bila yeye kisa hiki hakina mguu. Yonatani ndiye alikuwa kinywa cha familia yetu. Kukiwa na ndoa, yeye anasimama. Kukiwa na ugomvi wa shamba, yeye anasimama. Kukiwa na kilio, yeye ndiye anawashukuru watu na kuwaambia warudi nyumbani salama. Mimi nilikuwa nakaa nyuma yake natikisa kichwa. Nilimaliza shule ya msingi tu, nashona viatu hapa Vulamba, mtaa wa Butembo, na kazi ya viatu haitaki maneno mengi. Halafu Yonatani akaugua, akafa, na mimi nikabaki nimekaa nyuma ya mtu ambaye hayupo. Karibu mwaka mzima sikuwa nasema kitu zaidi ya kumuuliza mteja viatu vyake atavitaka lini. Siku ya mazishi walisema kama inavyosemwa siku zote, kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa, na katika masikio yangu lilibaki lile neno la mwisho peke yake. Ametwaa. Nilikuwa nashona nalo, nakula nalo, nalala nalo.

Basi, kanisani kwetu akaja mwalimu mgeni kufundisha, kila siku mchana kwa juma moja, juu ya majina ya Kiebrania katika Maandiko, yalitoka wapi na yana maana gani. Nilikwenda kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno, sikwenda kwa sababu ya elimu. Lakini yule mwalimu alipoanza kufungua majina, moja baada ya jingine, mbona nilisogea mbele kama mtoto! Akasema Danieli, Samweli, Mikaeli, ile sauti ya mwisho ndiyo Mungu mwenyewe. Akasema Eliya, Yoshua, humo ndani jina la Bwana limefichwa, mnaliita kila siku na hamjui. Nikanyoosha mkono. (Mara ya mwisho kunyoosha mkono nilikuwa na kaptula ya shule.) Nikauliza, na Yonatani? Akajibu bila kufikiri: Yonatani ni Bwana ametoa.

Ametoa! Sijui kama mnanielewa. Mwaka mzima nimebeba ametwaa, kumbe yule mtu tangu utoto wake alikuwa anaitwa ametoa, nilikuwa nalitamka mimi mwenyewe nikimwita aje kula. Nilitoka kanisani nikikimbia, kamba za viatu hazijafungwa (fundi viatu!), nikamwambia mke wangu, nikawaambia majirani, usiku ule nikalala usingizi wa kweli.

Sasa mjue na hili kwa wasiotoka kwetu. Sisi Wanande jina la kwanza hatulichagui, linatungojea: mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, msichana wa kwanza Masika, na kuendelea. Ukiita Kambale sokoni, nusu ya soko inageuka. Ndiyo maana jina la ubatizo ndilo linatutofautisha, na hilo tunalichukua katika Biblia kwa sababu linasikika vizuri au kwa sababu babu alikuwa nalo, hakuna anayeuliza linasema nini. Mimi nikaanza kuuliza. Nikawa kama mtu aliyepata ufunguo wa milango yote ya mtaa. Mteja akileta kiatu, kabla sijatazama soli namuuliza jina la ubatizo. Mama Debora wa makaa nilimwambia yeye ni nyuki, akafurahi, akasema sasa anajua kwa nini mume wake anamwogopa. Watu wakaanza kuleta viatu vizima, wanataka tu kujua majina yao. Mimi, mtu wa kimya, nilikuwa nasema mpaka koo linakauka.

Na ndipo ikafika siku ya mbuzi wa Naomi.

Masika Naomi ni binti wa kwanza wa Yonatani. Mchumba wake, Kasereka Kalebu, ni kijana wa Beni, mwenye heshima, ambaye alikuwa ameshajenga nyumba ya mbao kule Mulekera, mtaa wa Beni, na kuweka hadi mapazia. Siku ya kuleta mbuzi wa mahari ilikuwa imeahirishwa kwanza kwa sababu ya kifo, ikaahirishwa tena kwa sababu barabara ya Beni ilikuwa mbaya, kuna wenye silaha, watu hawapiti. Wazee wa upande wa kijana walishaanza kunung'unika kwamba labda Mungu hataki ndoa hii. Kwa hiyo kila mtu alijua: ikivunjika safari hii, imevunjika. Na kwa sababu baba yake hayupo, wa kusimama kupokea alikuwa mimi.

Asubuhi Naomi alinifuata nyuma ya nyumba nikiwa nanyoa ndevu. Alikuwa amekwisha kusikia habari zangu za majina. Akaniambia kwa upole, «Baba mudogo, leo tafazali, hapana mambo ya majina. Unapokea bambuzi, unasema aksanti, unaikala.»

Nikamwambia, ndiyo mama, napokea mbuzi, nasema asante, nakaa chini. Na nilikuwa nasema kweli, jamani. Nilimaanisha.

Wakwe wakafika na kamio, lori zima, vumbi mpaka kwenye kope, mbuzi wanalia nyuma, wamama wao wanaimba. Tulikuwa tumefunga bashi kubwa, turubai la kivuli, uani, viti upande huu na upande huu. Wakakaa: mbele kabisa Papa Yakobo, baba wa kijana, mfanyabiashara wa Beu mwenye kofia nzuri na maneno machache, karibu naye kaka yake mkubwa, mzee Paluku, nyuma yao Tantine Lea, dada yao, mama mnene mwenye kicheko, na Kalebu na rafiki zake, wamevaa suti zinazobana. Wakanipa mikro, kile kipaza sauti. Kazi yangu ilikuwa kutaja watu wa kwetu kwa majina, kila mmoja asimame aonekane, halafu nikae.

Na hapa ndipo nilipofanya lile kosa dogo. Nilianza na asiyekuwepo. Nikasema, kwanza namtaja marehemu Yonatani, baba wa binti huyu, na jina lake maana yake Bwana ametoa, basi leo tunapotoa binti, tunajua yeye alikwisha kutoa kabla yetu. Nilitaka kuishia hapo. Lakini mama yake Naomi akalia kidogo, machozi mazuri, na upande wa pili wakaanza kupiga makofi, na mimi, ambaye sijawahi kupigiwa makofi maishani, nikahisi kitu kinapanda kutoka miguuni. Nikasema, na binti mwenyewe, Naomi, maana yake utamu, mtu wa kupendeza. Vigelegele! Nikamwona Naomi ananitazama kwa macho makubwa, kama mtu anayemwona mtoto anakaribia moto, lakini nilikuwa nimekwisha kuondoka, mwenzenu, nilikuwa juu.

Tantine Lea akasimama, mkono kiunoni. «Baba Simeoni, munasifia tu ya kwenu. Ya kwetu je? Ao sisi tulibatizwa na maji ya mvua? Miye ni Lea. Sema.»

Kuna kitu mnapaswa kujua juu yangu. Sijui kudanganya. Si kwamba mimi ni mtakatifu, hapana, ni kwamba uongo ukija mdomoni masikio yangu yanachemka na ulimi unakataa. Tangu nikiwa mdogo mama yangu alikuwa ananitazama masikio tu. Nikamwambia, Lea, maana yake aliyechoka.

Watu wakaangua kicheko, na Tantine Lea mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote, akasema hiyo ni kweli kabisa, kuanzia Beni amesimama katikati ya mbuzi. Akaketi kwa kishindo ili aonyeshe uchovu. Furaha ikawa kubwa. Sasa vijana wakaanza kupiga kelele: «Na Kalebu? Na Kalebu?»

Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba juu ya Kalebu kuna mawazo mawili, wengine wanasema ni mbwa, wengine wanasema ni mwenye moyo wote. Mimi nikaona ni haki kusema yote mawili. Kosa langu ni kwamba nilianza na mbwa. Nilisema «Kalebu, wengine wanasema ni mbwa», na hilo lilikuwa la mwisho kusikika, maana rafiki zake walianza kubweka, mmoja akajifanya anamrushia mfupa, watoto wakapanda juu ya ukuta wakibweka nao, na ile nusu ya pili, ya moyo wote, niliisema mara tatu kwenye mikro na hakuna mtu aliyeisikia hata leo. Kalebu alikuwa anatabasamu na jasho linamtoka. Papa Yakobo hakucheka.

Nikaona kwamba hakucheka. Nikajiambia, Simeoni, tengeneza, mpandishe mzee. (Kama ningekaa chini wakati ule, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.) Nikamgeukia kwa heshima, nikataja jina lake lote, kama inavyofaa kwa mkwe, nikasema na hapa tunaye Papa Kambale Yakobo, kisha nikakwama. Kwa sababu jina lilikwisha kutoka, watu wote wanangoja maana yake, na maana yake naijua. Nilitafuta kitu kingine cha kusema. Masikio yakaanza kuchemka. Nikasema ukweli: Kambale, mtoto wa pili, Yakobo, anayeshika kisigino cha mkubwa wake, ni kusema, anayechukua nafasi yake.

Mimi nilikuwa nazungumza habari za Kitabu cha Mwanzo. Lakini watu wa Beni walisikia habari za Beu. Sikujua, naapa sikujua, kwamba lile duka la mabati na sementi lilikuwa la baba yao, kwamba lingepaswa kushikwa na mkubwa, na kwamba kwa miaka mingi Papa Yakobo ndiye anayelishika na mzee Paluku anapita mbele yake bila kusalimu. Siku ile walikuwa wamekaa viti viwili karibu kwa ajili ya kijana tu, ilikuwa mara ya kwanza, na kanisa la kwao lilikuwa limewaombea sana kwa jambo hilo.

Mbuzi tu ndio walioendelea kutafuna. Halafu mzee Paluku, taratibu, bila kumtazama mtu, akasema: «Munaona? Ata Biblia inajua.»

Papa Yakobo akasimama. Akaweka kofia kichwani. Hakunitukana, ningependa angenitukana. Aliwaambia vijana wake tu, «Mupandishe bambuzi mu kamio. Tunarudi.»

Hivyo nikaona kwa macho yangu jambo ambalo hakuna mtu wa mtaa wetu alikuwa ameliona, mbuzi wa mahari wakipanda kamio. Beberu mmoja alikataa, akawatoroka vijana, akaingia jikoni akapindua sufuria ya ugali, wakamfukuza wakiwa na suti, mimi bado nimeshika mikro, inawaka, na ndani yake inasikika pumzi yangu tu. Kalebu alisimama mlangoni anamtazama Naomi, mpaka wakamvuta. Kamio ikaondoka kwa haraka kwa sababu ile barabara siku hizi hakuna anayetaka kuwa juu yake jua likizama.

Nikaenda kumwomba Naomi msamaha. Alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele ambao haukupikwa, amekwisha kuvua hereni za masikioni. Akaniambia bila kupandisha sauti, «Baba mudogo, kuanzia leo muniite Mara. Maana yake unaijua.»

Naijua. Katika Maandiko Naomi alisema vilevile, alipofiwa: msiniite Naomi, niiteni Mara, ni kusema uchungu. Kama Yonatani angekuwa amekaa pale mbele, ningekuwa nyuma yake natikisa kichwa, na msichana huyu angekuwa na mume.

Shangazi yetu mkubwa, Shangazi Kavira, ndiye aliyetoa hukumu, na hakuchukua muda. Alisema ulivunja na mdomo, utatengeneza na miguu. Kesho utabeba mbuzi, wewe mwenyewe, uwapelekee Beni, uombe msamaha. Nikasema Shangazi, sisi ndio upande wa binti, tangu lini upande wa binti unapeleka mbuzi? Akaniuliza, tangu lini upande wa binti unamwita mkwe mwizi?

Asubuhi nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, mwenye moto mbele, mimi nyuma, na mbuzi jike mweupe katikati yetu, kichwa chake upande wangu, ananitazama machoni safari nzima. Kabla ya kutoka Butembo alikuwa amekwisha kukojoa juu ya suruali yangu ya kanisani. Watu walikuwa wanapiga kelele barabarani, wanauliza kama naenda kuoa katika umri huu. Kwenye barieri, kizuizi cha barabarani, askari mmoja akanisimamisha, akauliza kwa Kilingala, «Papa, ntaba oyo ya nani?», yaani mbuzi huyu ni wa nani, na mwenye moto (ambaye nilifanya kosa la kumweleza njiani) akamsimulia yote, mwanzo hadi mwisho, na askari akawaita wenzake aisikie tena pamoja nao. Mmoja aliitwa Mikaeli. Aliniomba maana yake. Nilikataa, na yule alikuwa na bunduki.

Beni habari ilikuwa imefika kabla yangu. Nikashuka pale Beu nikivuta mbuzi kwa kamba, watoto nyuma yangu, wamama wa samaki wakaacha kuuza. Papa Yakobo alikuwa amekaa mbele ya duka. Na kiti cha pili kilikuwa na mtu: mzee Paluku, amekuja kutazama fidia inavyoletwa. Hawakuwa wanazungumza. Lakini alikuwa amekaa mbele ya lile duka, na baadaye niliambiwa ilikuwa siku ya kwanza.

Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani. Yote yalipotea. Nikapiga magoti vumbini, suruali ikinuka, nikasema lile lililobaki.

«Papa Yakobo, mimi pia ni Kambale. Mimi pia ni wa pili. Jana nilikaa mu kiti ya mukubwa wangu, sikuiomba, na sijue kuikala ndani. Yeye ndiye alijua kusema. Munisamehe. Naomi hana kosa.»

Papa Yakobo aligusa ukingo wa kofia yake. Alimtazama mkubwa wake, nikaona mkubwa naye anamtazama. Mzee Paluku alikuwa wa kwanza kushusha macho. Kisha Papa Yakobo akageuka kwangu.

«Na wewe? Ulieleza bote, ya kwako hukusema. Simeoni maana yake nini?»

Jamani. Masikio yangu yalichemka kabla sijafungua mdomo. Ningeweza kusema sijui. Mwalimu alilitaja siku ya pili, na nilikuwa nimepita juu yake haraka kwa sababu nilikuwa natafuta majina mazuri zaidi.

«Ni kusikia, Papa. Simeoni ni mwenye kusikia.»

Mzee Paluku ndiye aliyeanza. Kicheko kilitoka puani kwanza, halafu tumboni, halafu akashika mguu wa kiti cha ndugu yake ili asianguke, na Papa Yakobo alipoona mkubwa wake amemshika kiti, naye akashindwa, akavua kofia akajifunika uso, mabega yanaruka. Tantine Lea akatoka ndani kuuliza kuna nini, wakajaribu kumweleza, hakuna aliyemaliza sentensi. Wamama wa samaki wakapokea kutoka mbali, bila hata kujua wanacheka nini, na walipoelezwa mmoja akapaza sauti, Papa Maana-Yake!, na jina likabaki. Mbuzi akatumia nafasi hiyo kula kona ya karatasi ya mfuko wa sementi. Na mimi bado nipo magotini.

Mbuzi wa mahari walirudi Butembo juma lililofuata, wote, pamoja na yule beberu. Yule mweupe walimbakiza, wakasema huyo ni wa kuwakumbusha. Kulikuwa na sharti moja, kwamba mikro ishikwe na mtu mwingine, na Shangazi Kavira akalikubali kabla sijafungua mdomo. Siku hiyo nilipokea mbuzi, nikasema aksanti, nikaikala. Naomi alipopita kunipa chakula aliinama akaniambia sikioni kwamba naweza kumwita Naomi tena.

Mtoto wa kwanza wa Naomi na Kalebu alizaliwa mvulana, kwa hiyo Paluku, na wakamwongezea Yonatani. Tulikwenda Mulekera kwa ibada ya kumkabidhi mtoto kwa Mungu. Mchungaji akauliza nani wa familia atawaeleza watu jina hili, na kanisa zima, niwaambie nini, kanisa zima likageuka kunitazama, na huko nyuma nikasikia mtu ananong'ona Papa Maana-Yake. Nikatazama chini. Papa Yakobo ndiye aliyesimama, kofia mkononi, akasema, «Yonatani. Bwana ametoa,» akaketi. Basi. Kulisikia tu kutoka kinywa cha mwingine, na mtoto analia juu yake, kulinitosha kabisa.

Tulipotoka nje, mama mmoja kijana akanifuata mbio, mume wake upande huu, mama mkwe wake upande ule. Akasema yeye anaitwa Rebeka, na amesikia kwamba mimi najua. Naijua maana ya Rebeka, ni kitanzi. Nilimtazama mume, nikamtazama mama mkwe, halafu nikatazama miguu ya Rebeka mwenyewe.

Nikamwambia, mama, hiyo soli ya kushoto imeachia, ivue nikushonee.